Soriasisi ya kichwani: dawa na mwanga viende kwa mpangilio

Mhariri,

Nina soriasisi ya kichwani, ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba. Wengi huiita mba, na msusi mmoja alikataa kunishika akihofia nitamwambukiza. Ugonjwa huu hauambukizi kabisa.

Daktari wa ngozi alinianzishia tiba ya mwanga wa UVB (aina ya miale ya urujuanimno), yenye urefu wa wimbi wa nanomita 311, pamoja na dawa za kupaka. Wagonjwa wenzangu, zingatieni mpangilio. Nywele na magamba mazito huzuia mwanga usifike kwenye ngozi. Kwa hiyo usiku napaka mafuta yenye asidi ya salisiliki, dawa ya kulainisha magamba, kisogoni na nyuma ya masikio, penye ukoko mnene, na asubuhi naosha yote kabla ya kliniki, maana dawa hiyo ikibaki kichwani, nayo huzuia miale. Nywele nimezinyoa, asiyetaka kunyoa hugawanywa nywele mistari mistari, au hutumiwa kifaa cha mwanga chenye umbo la chanuo. Losheni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, naipaka baada ya mwanga.

Haya yote niliyapata kwa kuulizauliza tu. Naziomba kliniki za ngozi ziyabandike ukutani, kwa Kiswahili, na wasusi watuulize kabla ya kutufukuza.

Msomaji wenu,
Tanga