Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Wetu na Wakristo wa Dola la Roma

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliazimia tuache kurukaruka katika mijadala yetu ya historia, tushike mada moja: Ukristo ulieneaje chini ya utawala wa Roma. Tumeishika. Miezi miwili hatukukutana, mmoja kwa sababu ya mvua, wa pili kwa uzembe wangu, nilisahau kulipia ukumbi. Naomba radhi.

Wengi tulikuja na jibu mfukoni: Konstantino, Kaisari wa kwanza kuukumbatia Ukristo, miaka ya 300 mwanzoni. Plinius, mwandishi na ofisa wa Kirumi, akatuvurugia hesabu. Mnamo mwaka 112 hivi, akiwa gavana wa Bithinia na Ponto, katika Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba imani hii imeingia mijini, vijijini hadi mashambani. Mahekalu yalikuwa karibu kuhamwa, na nyama ya kafara ilikosa wanunuzi. Nyama hiyo ndiyo iliyoninasa. Gavana mzima anapima dini kwa bucha! Aliwatesa hata vijakazi wawili walioitwa mashemasi ili apate siri, akaambulia habari za watu wanaokutana kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo na kuapa kutoiba wala kuzini. Trajan akajibu wasisakwe, ila wakishtakiwa na kuthibitika waadhibiwe. Mashtaka yasiyo na jina yasipokelewe. Tulibishana juu ya jibu hilo hadi mlinzi akaanza kuzima taa.

Kikao cha vyeti kilijaza ukumbi kuliko vyote. Kaisari Decius aliamuru watu wote watoe kafara, na Misri zimepatikana hati za mafunjo za mwaka 250, zaidi ya 40. Mwombaji anaeleza kuwa siku zote ameitolea miungu kafara, na sasa, mbele ya kamati, amemiminia kinywaji na kuonja nyama, anaomba wamthibitishie. Wapo Wakristo waliopata cheti bila kafara, kwa kitu kidogo. Mlicheka, lakini suala la kuwapokea tena kanisani lilimsumbua mno Cyprian, askofu wa Carthage, katika Tunisia ya leo.

Makubaliano ya Milano ya 313, yaliyowapa Wakristo uhuru wa kuabudu, na amri ya Kaisari Theodosius ya 380, iliyoufanya Ukristo kuwa dini ya dola, tuliyapitia harakaharaka. Kwangu mimi, Konstantino alidandia gari lililokwisha ondoka. Katibu hakubaliani nami, na ana haki.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa mwakani yapo mapendekezo mawili: Aksum, dola la kale katika Ethiopia ya leo, chini ya mfalme wake Mkristo Ezana, au watawa wa jangwa la Misri. Tupige kura kabla ya chai.