Droni zivuke Likoni na damu kwanza

Mhariri,

Kila zinapotajwa teksi za kuruka zisizo na rubani, hapa Mombasa hakosi mtu wa kusema kuwa dawa ya foleni ya Likoni imepatikana. Mimi ni mkaazi wa Shika Adabu, nimevuka kivuko hicho tangu nikibebwa mgongoni, na sioni hivyo.

Feri huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku. Chombo cha EHang cha China, kilichopewa cheti na mamlaka za huko Oktoba 2023 kiruke bila rubani, kina viti 2. Volocopter ya Ujerumani ilikusudia kurusha abiria wakati wa Olimpiki ya Paris 2024, cheti kikachelewa, na mwaka ule haujaisha kampuni ikaingia katika ufilisi. Mwenye mkokoteni wa ndizi anayengoja lango la feri lifunguliwe hana lake hapo.

Mzigo mdogo ni habari nyingine. Mwaka jana shemeji yangu alijifungua katika hospitali moja ya upande wetu, akatokwa na damu nyingi. Damu ya kundi lake haikuwapo. Ilipatikana kisiwani, na kijana aliyetumwa akakwama ng'ambo, kwenye foleni, kisanduku cha barafu mapajani. Maji yenyewe hayazidi nusu kilomita. Taa za kule tunaziona. Alipona, alhamdulillahi. Lakini nilimshika mkono nikausikia unapoa, na mlangoni hatokei mtu.

Wenzetu Rwanda walianza 2016. Vijindege vya kampuni ya Zipline hurushwa kwa mtambo kama manati, vikafika juu ya hospitali vikadondosha damu kwa parachuti, vikarudi bila kutua. Mwaka 2018 Tanzania ilijaribu dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria, kwa dakika 40 hivi. Na Kenya hii hii, upande wa Kisumu, kazi imeshaanza. Faida si mwendo peke yake. Damu haikai: chembe nyekundu zikihifadhiwa vyema hudumu wiki 6 hivi, zile za kugandisha damu siku chache tu. Zahanati haiwezi kuweka kila kundi, ikiweka nyingi zitaharibika. Ghala likiwa moja na damu ikifika upesi, haimwagwi wala haikosekani.

Yapo ya kwetu ya kuangaliwa. Kusi likivuma, kijindege chepesi hakina salama juu ya mkondo, kwa hiyo feri na boti zitabaki kuwa akiba. Uwanja wa ndege uko karibu, na Mtongwe kuna kambi ya wanamaji. Droni haiwezi kukata popote inapotaka. Na kuna stara. Mji wa Kale na hata huku kwetu, juu ya paa ndipo mwanamke anapoanika nguo na kupunga upepo jioni kichwa wazi, kwa kuwa anajua haonekani. Chombo chenye kamera kikipita hapo kila saa kitamvunjia nyumba yake. Hili lisemwe mapema na wazee na kina mama wa mitaa, kabla kampuni yoyote haijaleta sanduku lake la kwanza la chakula cha kuagiza.

Kanuni za droni tunazo tangu 2020. Naiomba serikali ya kaunti ikae na Mamlaka ya Usafiri wa Anga na wanamaji, wachore njia moja juu ya maji, mbali na mapaa: kutoka hospitali ya Makadara hadi Likoni, damu na dawa za dharura tu. Na vijana wa boda boda wa hapa wafunzwe kuzipakia droni hizo na kuzitunza. Wao ndio wanaobeba dawa zetu usiku sasa hivi.

Msomaji wako,
Shika Adabu, Likoni