Jumanne usifiche kama nilivyoficha mimi

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu wa bweni,

Salamu sana. Sisi huku wazima, joto limepungua, na wiki hii sijikuni sana, namshukuru Mungu.

Najua Alhamisi nilikupigia kelele mpaka salio likakata. Nisamehe. Uliposema uko wiki ya tatu na kabamazepini, dawa yako ya akili, vipele vimetoka shingoni, na unasubiri tarehe ya kliniki ya ngozi, Jumanne, kwa kuwa "hii ni pumu yangu ya ngozi tu", yaani ukurutu wetu uleule, niliona giza. Sisi wenye ngozi mbovu tangu utotoni ndivyo tulivyo, kila kinachotoka mwilini tunakipa jina lilelile. Lakini dawa hiyo, na mwenzake lamotrijini pia, hasa miezi miwili ya mwanzo, inaweza kuzusha balaa la ngozi linaloua. Ni nadra, ila likianza halina subira. Ukurutu wako naujua, nimelala kitanda cha chini yako miaka minne: hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huwasha mpaka unakosa adabu, huja ukaondoka. Lile jingine huja na homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, ngozi inayouma kuliko kuwasha, na malengelenge yanayochubuka.

Basi nilipumua uliponiandikia kwamba ulikwenda siku ileile, daktari akakukagua mpaka ndani ya mdomo, akasema ni ukurutu umechachamaa na baridi ya Julai, uendelee na vidonge huku wakikuangalia. Ukiona lolote kati ya hayo niliyotaja, hata iwe usiku wa manane, beba kopo la dawa uende hospitali. Usiache vidonge kimyakimya, na usinyamaze ukaendelea kumeza.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mume wangu alilijua kwa kuchelewa.

Unakumbuka nilipoagiza vifaranga 300? Mlicheka wote, nami nikacheka. Haukuwa ujasiriamali ule. Ngozi ilikuwa imeharibika mpaka shuka linaninata asubuhi, nikaenda zahanati. Kijana wa pale alikuwa mpole, akauliza kama nina kisukari, presha, vidonda vya tumbo. Hapana, hapana, hapana. Akauliza kuna dawa gani natumia. Mlango uko wazi, na kwenye benchi kakaa jirani yangu muuza mihogo. Nikasema hakuna. Shoga, nina miaka sita na olanzapini, dawa ya akili, kila usiku, nikasema hakuna!

Akanipa prednisoloni, steroidi ya kumeza ya kutuliza ngozi, vidonge sita vya miligramu 5 kila asubuhi, siku saba. Siku ya pili ngozi ikawa kama ya mtoto. Siku ya tatu niliamka saa nane usiku nikafua mapazia. Siku ya tano silali na wala sichoki, nina mradi wa kuku, nina mradi wa sare za shule, naongea na simu mbili kwa pamoja, na hela ya kikoba yote imekwenda kwa vifaranga. Dada yangu ndiye aliyenishika mkono. Hakuuliza habari za kuku. Aliuliza, "Umelala lini?"

Daktari wangu wa akili alipoliona lile boksi alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza kwamba steroidi za kumeza zinaweza kumpandisha, yaani kumchangamsha kupita kiasi mpaka halali, hata mtu ambaye hajawahi kuugua akili, na kadiri dozi inavyokuwa kubwa ndivyo hatari inavyozidi. Sembuse mimi mwenye baipola, ugonjwa wa akili wa kupanda hivyo na kushuka kwenye sonona. Hakusema ni marufuku. Alisema wangejua wangejipanga, wangeanza na dawa ya kupaka yenye nguvu, na kama vidonge vingelazimu, pawepo mtu wa kuhesabu usingizi wangu. Na ukurutu wenyewe? Vidonge vilipokwisha ulirudi na ndugu zake.

Ndiyo maana nakuandikia kabla ya Jumanne. Una bahati uko Moshi, kile kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC kinafundisha wataalamu tangu 1992, hubahatishi. Lakini faili la ngozi halijui kilichoandikwa kwenye faili la akili, na anayetembea katikati ni wewe. Andika dawa zote kwenye karatasi, majina na miligramu, ukampe daktari mkononi. Karatasi haisikiwi na watu wa kwenye benchi.

Andika na Piriton. Najua unaimeza ili upate usingizi. Muwasho wa ukurutu haiuondoi, inakulaza tu, na ukiichanganya na dawa zetu za usiku unaamka kama gunia la mahindi. Mimi nikikosa usingizi usiku mbili naanza kupanda, kwa hiyo naelewa kishawishi. Siku hizi naoga maji ya uvuguvugu, nafuta kwa kugusagusa, na kabla dakika tatu hazijaisha nimeshajipaka Vaseline.

Dawa ya kupaka usiiogope kama nilivyoiogopa mimi. Ninayopewa mwilini siipaki usoni, na kipimo nilichofundishwa ni mstari wa dawa kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza, unatosha eneo la viganja viwili. Ila ile krimu ya wifi yako ya kung'arisha, mrudishie. Nyingi za aina hiyo zina klobetasoli ndani, steroidi kali, na mtu anapaka uso mzima asubuhi na jioni.

Kipindi cha sonona sikudanganyi, hayo yote hayafanyiki. Mwezi wa tatu nilikaa siku nne bila kuoga. Kopo lilikuwa kando ya mto, nikawa napaka viwiko na magoti nikiwa nimelala, basi. Daktari wa ngozi nilimwambia hivyohivyo, asidhani dawa yake imeshindwa.

Mama mkwe bado anauliza kama inaambukiza. Sijui anamaanisha ngozi au kichwa, na sijamuuliza.

Barua hii naiweka kwenye kifurushi, kesho alfajiri nakikabidhi kwa basi, ukakichukue stendi jioni. Ndani kuna makopo mawili ya Vaseline na shuka mbili za pamba, zimekwisha fuliwa kwa sabuni isiyo na manukato. Zikishaloa mafuta usikae nazo karibu na jiko la mkaa, zinashika moto upesi. Jumanne ukitoka kliniki nipigie wewe, mimi salio sina.

Wako,
Mama Mafuta wa bweni la pili