Barua kwa Mwanangu: Injini ya Kimarekani Kwenye MGB Yako

Tanga

Kwako mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako anakusalimu na anauliza kama baridi ya Coventry imepungua. Picha za gari nimezipata zote. Nilimpa kaka yako azikuze kwenye kompyuta, maana nilitaka kuiona ile kutu chini ya mlango. Ipo, ila haitishi. Fundi bodi mzuri ataimaliza.

Sasa mama, hili uliloniuliza. Una MGB ya 1976, lile gari dogo la michezo la kampuni ya MG ya Uingereza, ya wazi, viti viwili, na umekusudia kuing'oa injini yake uweke V8, yaani injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, ya Ford Mustang ya Kimarekani ya siku hizi. Wenzako wanakwambia unalinajisi gari la Kiingereza. Katika hilo usiwasikilize. Ile V8 ya Range Rover, ambayo mafundi wa umri wangu tumeifungua na kuifunga hapa pwani tukidhani ni ya Kiingereza, ilizaliwa Marekani. Buick waliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1960, bloku ya aluminiamu, nyepesi, wakaiacha baada ya miaka mitatu tu. Rover wakanunua haki zake mwaka 1965. MG wenyewe wakaifunga kwenye MGB GT kati ya 1973 na 1976. Walitoa magari 2,591, yote yenye paa gumu. Ya wazi kama yako kiwanda chao cha Abingdon hakikuiuza na V8, kwa hiyo unachotaka wewe ni kitu walichokifikia nusu wakaachia hapo.

Na hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1961 Carroll Shelby, Mmarekani aliyeshinda mbio za magari za Le Mans mwaka 1959 akiendesha Aston Martin, aliwaandikia AC, watengeneza magari wa Thames Ditton, Uingereza, akitaka gari lao la Ace alitie V8. Ford wakampa injini ya lita 4.2, na mwanzoni mwa 1962 gari likafungwa injini California kwa muda usiofika siku nzima. Ndiyo Cobra hiyo. Watu husimulia hizo saa chache za kufunga injini. Mimi napenda wasimulie na difu, zile gia za kwenye ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu magurudumuni, kwa sababu AC waliitoa ile ya zamani wakaweka Salisbury, ya jamii ile iliyobeba Jaguar. Wangeacha ya zamani, Cobra isingefika mbali.

Kisha kuna Sunbeam Tiger ya 1964, gari dogo la kampuni ya Kiingereza ya Rootes lililotiwa injini hiyohiyo ya Ford. Nafasi ilikuwa finyu mno, hata wafanyakazi wa kampuni ya Jensen waliokuwa wakiliunganisha huko West Bromwich walikuwa wakiugonga ukuta unaotenga injini na abiria kwa nyundo kubwa ili injini iingie, tena bodi imeshapakwa rangi. Plagi moja ya nyuma unaifikia kwa tundu lililo ndani ya gari, penye miguu. Chrysler walipoichukua Rootes walitaka kuweka V8 yao badala ya ile ya Ford, mshindani wao. Haikuingia, kwa kuwa distribyuta yake, kile kifaa cha kugawa umeme kwa plagi, iko nyuma. Gari likafa mwaka 1967. Nakusimulia haya ili ujue kwamba katika kazi hii sentimita zina sauti kuliko hospawa.

Ndiyo maana hiyo ya Mustang siipendi kwa gari lako. Coyote ya lita 5.0, iliyotoka na Mustang ya 2011, ni injini nzuri sana, hospawa 412, lakini ina kamshafti nne, zile shafti za kufungua valvu, mbili juu ya kila upande, na vichwa vyake ni vipana kama mabega ya mchukuzi wa bandarini. Utakata ukuta huu, utakata na ule. Itazame LS, jamii ya V8 za General Motors. LS1 ilitoka na Corvette ya 1997, lita 5.7, hospawa 345. Kamshafti yake ni moja, iko katikati ya bloku, inasukuma valvu kwa fimbo. Wapo wanaoucheka mpango huo kuwa wa kizee. Waache wacheke, ndio unaoifanya injini kubwa iwe fupi na nyembamba huku juu.

Lakini angalia jambo moja. Maunti, yaani vishikizo vya injini, na eksozi nyingi zinazouzwa kwa kazi hii zimepimwa kwa magari ya Marekani, ambayo usukani uko kushoto. Wako uko kulia, na stata ya LS iko upande huohuo wa kulia. Fimbo ya stelingi, eksozi na stata vitagombea pahali pamoja. Usiagize chochote kutoka ng'ambo mpaka muuzaji akupe picha ya gari la usukani wa kulia alilolifunga yeye.

Injini, mama, ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Uzito uko kwingine. MGB ilipozaliwa mwaka 1962 ilikuwa na silinda nne, ujazo wa cc 1798, hospawa kama 95. Kila kitu kilipimwa kwa nguvu hiyo. Nyuma ina springi za majani na ekseli ngumu, breki za nyuma ni dramu, shokapu ni zile za mkono. Difu yake ni 3.9, yaani propela huzunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja. Ukiiacha hiyo na lita 5.7, gia ya kwanza itakwisha kabla hujavuka makutano. MG wenyewe kwenye V8 yao ndogo walishuka hadi 3.07. Giaboksi ya zamani nayo haitavumilia, itabidi iende pamoja na propela shafti, na handaki la katikati ya viti huenda likahitaji kupanuliwa.

Mafuta pia. Pampu ya SU iliyokuja na gari lako inasukuma shinikizo la paundi chache tu kwa inchi ya mraba, inatosha kabureta. LS inataka kama 58. Hiyo maana yake pampu mpya, paipu mpya, na tangi lenye vizuizi ndani ili mafuta yasikimbie upande mmoja kwenye kona, pampu ikavuta hewa. Rejeta kubwa na feni mbili, usibishane. Waya za umeme za Lucas zilizokuja na gari, zenye fyuzi nne, usijaribu kuziunganisha na kompyuta ya injini. Fumua zote uanze upya. Najua utaona uchungu wa pesa. Afadhali uone uchungu huo sasa.

Mimi ningeanza na breki na ekseli, injini ya zamani ikiwa bado ndani, niliendeshe hivyo miezi kadhaa. Wenzangu wa gereji wanasema huo ni uoga. Sawa.

Kuhusu sheria za huko, gari lililotimiza miaka 40 husamehewa MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, lakini injini ya aina nyingine kabisa huhesabiwa kuwa badiliko kubwa, na msamaha huo unaweza kukutoka. Hata wasingekutaka, mimi nataka ulipeleke kila mwaka. Waandikie DVLA, wakala wa usajili wa magari wa huko, kabla hujashika grainda, hasa kama ganda la bodi lenyewe litakatwa, kwa sababu hapo unaweza kuingia kwenye shida ya usajili. Na kampuni ya bima iambiwe kila kitu, kwa maandishi.

Kabla hujalipa hata senti, nipimie upana wa nafasi ya injini pale fimbo ya stelingi inapopita, na kina kutoka ule ukuta unaotenga injini na viti hadi rejeta. Nipigie na picha ya ekseli kwa chini, yenye mwanga. Huyo fundi anayekwambia ni kazi ya wiki mbili, mwulize difu ataifanyaje, kisha uniandikie alivyojibu, neno kwa neno.

Wasalaam,
Baba yako