Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano wa Mwaka wa Wakusanyaji wa Mabango ya Filamu, Kisumu

Ndugu wanachama, hamjambo nyote.

Naanza na lililoniuma. Mwezi Mei niliidhinisha shilingi 9,000 za mfuko wetu kununua bango la filamu ya kauboi kwa mchuuzi wa Nairobi aliyetuapia kwamba ni la 1958. Tulipolitandaza mezani, mikunjo ilionekana wazi: mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama, kama inavyotakiwa. Mweka hazina akapitisha kidole. Laini kabisa. Mikunjo yenyewe ilikuwa picha! Mtu alipiga picha bango halisi, akachapa upya. Tukaleta futi ya fundi cherehani: inchi 24 kwa 36, ilhali bango la kawaida la Marekani enzi hizo lilikuwa 27 kwa 41, na lilipelekwa sinema likiwa limekunjwa. Pesa hazikurudi. Kosa ni langu, niliamini picha ya simu. Tangu Juni hakuna senti inayotoka kabla ya wanachama wawili kulishika bango kwa mikono yao na kulipima.

Mwezi Agosti mwenzetu wa Maseno alisafisha sanduku la bati la marehemu mama yake, akakuta chini kumetandikwa bango la filamu ya Kihindi, nyekundu yake bado imeiva. Mnunuzi wa kwanza alisema 1,500. Wiki hiyo hiyo wa pili akataja 20,000 kwa karatasi ile ile. Tangu hapo wengi mmenipigia simu kuuliza bei hizi zinatoka wapi.

Mabango hayakuchapwa ili yauzwe. Yalibandikwa siku za onyesho, kisha yakarudishwa kwa msambazaji, yakatupwa, au yakafunikwa na mengine. Yaliyopona ni machache, na bei hupanda pale watu wawili wanapolitaka moja kwa wakati mmoja. Akikosekana wa pili, linauzwa kwa nauli ya matatu. Umri peke yake hauuzi. Filamu ya Casablanca ilitoka 1942, lakini bango lake la Kiitalia la 1946, lililochorwa na Luigi Martinati, lilinunuliwa mnadani Marekani mwaka 2017 kwa dola 478,000. Waliutaka mchoro. Kwa hiyo anayewaambia "hili ni la zamani sana" bado hajawaambia kitu.

Someni ukingo wa chini kwanza. Mabango mengi ya Marekani ya kuanzia 1940 hadi miaka ya 1980 yana namba pale, mwaka ukitangulia. Ikianza na herufi R, filamu ilikuwa imerudishwa sinema baadaye, na mara nyingi bei hushuka.

Tuko wanachama 23, wanne hawajamaliza ada. Akiba ni shilingi 14,350. Maonyesho ya Desemba hayakufanyika kwa kukosa ukumbi.

Kamati inaomba ruhusa ya kutumia 6,000 kununua karatasi zisizo na asidi za kuhifadhia, maana unyevu wa ziwa hili unatuharibia mabango kuliko mchwa. Selotepu tuiache kabisa: hugeuka njano na kula rangi.

Bango la Maseno halijauzwa. Mwenyewe atakuja nalo leo, tulione sote kabla hajaamua. Lina tobo la mende upande wa kushoto na mikunjo inayosikika kidoleni. Tafadhali, mtu asijaribu kulinyoosha.