Barua ya wazi kwa Mkaguzi Mkuu: Bei ya kweli ya jengo imekwisha kuandikwa

Kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali,
Bi. Nancy Gathungu,
Nairobi.

KUH: UCHUNGUZI WA MAJENGO YA OFISI YALIYOGHARIMIWA NA PESA ZA BIMA YA UMMA

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mthamini wa majengo, sasa nimestaafu. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilipanda na kushuka ngazi za ofisi za jiji hili nikiziandikia thamani kwa ajili ya mabenki, mahakama na mashirika ya umma. Nakuandikia hadharani kwa sababu pesa ninazotaka kuzizungumzia zilikatwa hadharani, kwenye mishahara ya watu waliodhani wanajiwekea akiba ya siku ya kuugua.

Tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, hazina ya taifa ya bima ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966. Sheria ya mwaka 2023 iliyoanzisha SHA iliirithisha mali na madeni ya NHIF. Kuhusu madeni tumepiga kelele, na ilikuwa haki yetu, maana hospitali zilikuwa zinawarudisha wagonjwa nyumbani. Mali je? Hatukuuliza sana. Nani amekaa na orodha ya viwanja na majengo hayo, akaonyesha kila kimoja kilinunuliwa kwa nani, kwa bei gani, na leo kina thamani gani?

Unalijua vizuri jengo la kuegesha magari la NHIF, pale Upper Hill. Mkataba wake ulianzia takriban shilingi milioni 909, ukaishia kupita bilioni 3. Limeshajadiliwa bungeni, limeandikwa kwenye ripoti za ukaguzi, na bado mwananchi wa kawaida hawezi kukuambia ni nani aliyeidhinisha nyongeza ipi na kwa sababu gani. Chukua hesabu hii. Mtu asiye na mshahara wa mwezi hulipa SHA angalau shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, na kwa kawaida hutakiwa azitoe zote kwa mkupuo. Nyongeza ya jengo lile, inayozidi bilioni 2, ni michango ya mwaka mzima ya watu zaidi ya 555,000 wa aina hiyo. Ni mama mboga na vijana wa boda boda wanaojaza kaunti nzima.

Lakini jengo linalojengwa angalau huonekana likipanda, na wapita njia huuliza mbona haliishi. Jengo linalonunuliwa likiwa tayari hubadilisha mikono mezani, ndani ya wiki chache, na kinachobaki ni faili. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi, na nina sababu.

Miaka mingi iliyopita kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipewa jengo la ghorofa tisa likathaminiwe kwa niaba ya shirika moja la umma lililotaka kulinunua liwe ofisi zake. Nilikwenda mchana, kisha nikarudi saa moja jioni. Nilifundishwa hivyo na mzee aliyenilea kazini: mchana mapazia yanaweza kukudanganya, usiku unahesabu madirisha yenye taa. Ghorofa nne zilikuwa giza tupu. Askari wa getini aliniambia, "Huko juu hakuna mtu amepanda tangu wale wa kompyuta wahame." Kwenye chumba cha pampu maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu, na lifti moja ilikuwa imefungwa kwa waya.

Nilipompelekea mkubwa wangu hesabu, hakubishana na tarakimu hata moja. Alisema tu, "Hii haifiki. Wenyewe wanajua wanakotaka kufika." Ndipo nikaelewa kwamba bei ilikuwa imekubaliwa kabla sijakanyaga ngazi ya kwanza; mimi nilikuwa nimetumwa kuitafutia karatasi. Nilikataa kutia sahihi. Siku chache baadaye ripoti ilitoka na sahihi ya mtu mwingine, na ndani yake ghorofa zote tisa zilikuwa na wapangaji. Nami nikanyamaza. Nilikuwa na watoto shuleni. Sina kisingizio kingine zaidi ya hicho, na sidhani kinatosha.

Nikueleze uzito wa uongo huo, kwa sababu wajumbe wa kamati huwa wanaupita haraka. Thamani ya jengo la ofisi hutokana na kodi ya pango linayoingiza. Tuchukue kiwango cha faida cha asilimia 8 kwa mwaka, yaani kodi ya pango ya mwaka mmoja iwe asilimia 8 ya bei: kila shilingi milioni 1 ya kodi hewa iliyoandikwa kwenye ripoti huongeza shilingi milioni 12 na nusu kwenye bei. Ghorofa nne tupu zikiandikwa zimejaa, umeshapandisha bei kwa mamilioni ya kutisha bila kughushi hati wala kuiba chochote mtu anachoweza kukishika. Mwizi wa aina hii hukamatwa kwa orodha ya wapangaji, risiti za kodi na bili za stima za kila ghorofa. Ripoti ya uthamini ikiletwa mbele yako bila viambatisho hivyo, naomba uirudishe.

Halafu iko njia ya zabuni yenyewe. Katiba, kifungu cha 227, inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Tangazo linaweza kutimiza yote hayo kwa maneno, huku likiomba jengo la ghorofa kadhaa kamili, lenye nafasi kadhaa kamili za magari, mita kadhaa kutoka barabara fulani. Mji mzima una jengo moja tu la namna hiyo. Wengine watawasilisha maombi na kukataliwa kwa kukosa sifa, na kwenye faili ushindani utaonekana ulikuwepo. Ninaomba wakaguzi wako waulize nani aliandika vipimo vile, na kama alikuwa amelitembelea jengo kabla ya tangazo kutoka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Bei ya kweli ya jengo lolote Nairobi haihitaji kutafutwa upya. Imekwisha kuandikwa, ila imetawanyika. Ardhi House, kwenye wizara ya ardhi, ipo historia ya hati: nani alimuuzia nani, lini, na Mthamini wa Serikali alikadiria shilingi ngapi ili mnunuzi alipe ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4. Kwa KRA, mamlaka ya ushuru, yapo maelezo ya muuzaji mwenyewe, kwa sababu anapouza hulipa kodi ya faida ya mtaji, iliyopanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwanzoni mwa 2023, na hawezi kuikokotoa bila kutaja yeye alilinunua kwa kiasi gani. Kwa Msajili wa Kampuni, tangu 2020, yapo majina ya wamiliki halisi waliojificha nyuma ya kampuni yenye jina zuri na anwani ya sanduku la posta.

Weka karatasi hizo tatu kwenye meza moja. Ikiwa jengo lilinunuliwa na kampuni isiyojulikana mwezi wa pili na kuuzwa kwa shirika la umma mwezi wa tisa kwa bei maradufu, hutahitaji shahidi wa kukueleza kilichotokea. Mwananchi hana uwezo wa kuzifikia zote. Hizi za KRA hata mwanasheria hazipati hivi hivi. Wewe unaweza kuziitisha. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inakupa nafasi ya kufanya ukaguzi wa ununuzi na pia ukaguzi wa kitaalamu wa kufichua ulaghai, mbali na ule wa kila mwaka.

Tumeshaumia vya kutosha kwa kuuliza tukiwa tumechelewa. Baraza la Jiji la Nairobi lilinunua ekari 120 Mavoko kwa shilingi milioni 283 ziwe makaburi, kwa kuwa makaburi ya Lang'ata yalikuwa yamejaa, kisha ikaonekana ardhi ile ni ya mwamba na udongo mweusi, haichimbiki kaburi. Oktoba 2010 waziri wa mambo ya nje na katibu wa wizara wakakaa kando kwa sababu ya ununuzi wa jengo la ubalozi Tokyo. Katika mambo yote mawili maswali makali ya thamani yalikuja baada ya pesa kutoka. Na wenye umri wangu hatujasahau shirika la bima la taifa lililofilisika mwaka 1996 likaacha wenye bima wakizunguka na makaratasi.

Ninachoomba si kikubwa. Tangaza orodha kamili ya mali isiyohamishika iliyotoka NHIF kwenda SHA, na kila ofisi itakayonunuliwa baada ya hapo: namba ya kiwanja, miaka iliyobaki kwenye hati ya ukodishaji, ghorofa zinazotumika na zilizo tupu, bei iliyolipwa, na jina la mthamini aliyetia sahihi. Jina hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Wathamini tunasajiliwa na bodi, na bodi inaweza kumfuta mtu. Muda wote niliokuwa kazini, majina yaliyotajwa kwenye uchunguzi yalikuwa ya wakurugenzi na mawaziri. Aliyeandika tarakimu alirudi ofisini Jumatatu akaendelea na jengo jingine.

Nami sitakaa nikisubiri. Kwa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nimewaandikia SHA nikiomba ripoti za uthamini za majengo hayo. Sheria inawapa siku 21 za kunijibu. Watakachonijibu, au kimya chao, nitakileta ofisini kwako kwa mkono.

Jina langu na namba yangu ya usajili vimo kwenye nakala niliyokuletea. Wakaguzi wako wakihitaji mtu wa kusimama nao nje ya jengo saa moja jioni kuhesabu madirisha yenye taa, niko tayari kuja.

Wako mwaminifu,
Mthamini mstaafu, Nairobi