Barua ya wazi kwa Spika Moses Wetang'ula: Bunge lidai hesabu ya risasi

Mheshimiwa Spika,

Tarehe 25 Juni 2024 Wakenya wengi huikumbuka kwa jambo moja, ilhali mambo yalikuwa mawili. Wabunge waliupitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na muda mfupi baadaye waandamanaji wakabomoa ua, wakaingia katika majengo unayoyasimamia, na sehemu yake ikashika moto. Siku hiyo hiyo ndege iliyowabeba polisi wetu wapatao 400 ilitua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Rais alikuwa amewaaga siku moja tu kabla. Polisi wa Kenya walishindwa kulilinda Bunge la Kenya siku ambayo wenzao walikuwa wakishuka kwenye ndege kwenda kulinda mji wa watu wengine.

Sikuandikii kukukejeli. Mimi ni mhafidhina, na watu wa aina yangu nchini hawana chama wala kelele mitandaoni. Naamini ushuru uwe mdogo, mali ya mtu isiguswe, mahakama itiiwe na askari apewe heshima yake. Kijana anayevunja duka la mwenzake na kubeba simu na viatu simwiti mkombozi, hata akiwa amejifunga bendera. Nayasema haya mapema ili usije ukaipokea barua hii kama za wale wanaokutukana kila Jumanne. Nataka utulivu kuliko unavyoutaka wewe. Ndiyo maana nalishtaki Bunge kwako.

Shtaka langu ni kwamba Bunge limekuwa likiidhinisha nguvu za dola bila kurudi kuuliza zilitumikaje. Linaidhinisha baada ya tendo, au linaidhinisha na kusahau. Konstebo anayepewa bunduki kituoni hutia sahihi, na akirudi huulizwa risasi ngapi zimebaki. Wabunge 349 hawaulizwi.

Tuanze na Haiti. Sina neno na Wahaiti. Rais wao Jovenel Moïse aliuawa nyumbani kwake Julai 2021, magenge yakateka sehemu kubwa ya mji mkuu, na tangu Januari 2023 nchi haikuwa na kiongozi hata mmoja wa kuchaguliwa ambaye muhula wake haujaisha. Anayesema hawakuhitaji msaada hajui anachokisema. Swali ni nani mwenye mamlaka ya kumtuma polisi wa Kenya huko, na kwa sheria gani. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi cha kimataifa cha kwenda huko Oktoba 2, 2023. Bunge lako likafuata Novemba mwaka huo, kesi ya kupinga mpango huo ikiwa bado mahakamani. Januari 26, 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Baraza la Usalama wa Taifa halina uwezo wa kupeleka polisi nje ya nchi. Kwa uamuzi wake, ruhusa ya kutuma vikosi nje iliyo katika Kifungu cha 240 cha Katiba inahusu wanajeshi. Polisi wanaweza kwenda tu kwa nchi iliyofunga nasi mkataba wa kusaidiana.

Wewe ni wakili. Ulipousoma uamuzi ule ulijua kwamba kura yenu ya Novemba ilikuwa imesimama hewani. Bunge lenye kujiheshimu lingeirudisha hoja, liijadili upya, lipige kura upya kwa macho yaliyofunguka. Badala yake Serikali ilimwita Waziri Mkuu Ariel Henry aje Nairobi, na Machi 1, 2024 mkataba ukatiwa sahihi. Magenge yakavunja magereza ya Port-au-Prince akiwa safarini, maelfu ya wafungwa wakatoroka, naye akashindwa kurudi nyumbani, akakwama Puerto Rico, kisha akatangaza kujiuzulu. Kiongozi ambaye hakuchaguliwa na mtu, aliyeshindwa hata kukanyaga nchi yake, ndiye aliyetupa karatasi ya kupelekea vijana wetu vitani. Huenda karatasi ile inatosha kisheria, hilo nawaachia majaji. Bunge lingeweza angalau kuishika mkononi na kuuliza maswali mawili matatu.

Kisha wakaanza kufa. Askari wa kwanza aliuawa Februari 23, 2025 katika jimbo la Artibonite. Wa pili alitoweka mwezi uliofuata baada ya msafara wao kushambuliwa. Viongozi wa Haiti wakasema amekufa, Nairobi ikasema bado anatafutwa, na familia ikabaki kati ya kauli hizo mbili, haijui iweke matanga au isubiri. Wa tatu alifariki katika ajali ya magari mwishoni mwa Agosti. Kikosi kilichopangwa kiwe na watu 2,500 kilifikisha takriban 1,000, na wetu walikuwa zaidi ya 700. Nchi nyingine ziliahidi sana. Septemba 30, 2025 Baraza la Usalama likaamua kukigeuza kiwe kikosi kipya cha kupambana na magenge, kifikie watu 5,550. Kazi imebadilika, jina limebadilika, na hatari imeongezeka. Idhini yetu ni ile ile ya Novemba 2023.

Utaniambia gharama inalipwa na wafadhili. Februari 2025 Marekani ilizuia dola milioni 13.3 zilizokuwa katika mfuko wa kikosi hicho, na ikabidi maofisa wetu watoke kueleza kwamba mambo bado ni shwari. Sina kinyongo na Marekani. Ni pesa zao na wana haki ya kuzifunga. Sisi ndio tuliokubali polisi wetu waendeshwe kwa mfuko ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine. Siku ile ndege ya Haiti ilipopaa, Juni 24, 2024, Washington ilikuwa ikituingiza rasmi katika orodha ya washirika wake wakuu wasio wanachama wa NATO. Kila mtu na apige hesabu yake.

Usidhani napinga kila bunduki inayovuka mpaka. Oktoba 2011 jeshi letu, KDF, walipoingia Somalia niliunga mkono, na wewe ndiwe uliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Watalii walikuwa wametekwa Lamu, wahudumu wa misaada wametekwa Dadaab, na Somalia ni jirani. Ng'ombe wa Mandera hawajui mpaka uko wapi. Nchi ina haki ya kuulinda mlango wake. Lakini hata vita vile vya haki tulivilipia: Westgate, Septemba 2013, watu 67, Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, watu 148. Na Januari 15, 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa alfajiri. Mpaka leo Serikali haijatangaza rasmi ni wanajeshi wangapi walikufa pale. Wajane wanajua, makaburi yanajua, ila rekodi ya Bunge haina nambari. Taifa linaloshindwa kuwahesabu wafu wake halina haki ya kuwaomba wengine wajitolee. Desturi hii mbaya ilianza kwa jeshi na sasa imehamia kwa polisi. Aliyetoweka Haiti ni mtoto wa ukimya ule ule wa El Adde.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo wenzangu wahafidhina huniona nimegeuka.

Jioni ya Juni 25, 2024 Waziri wa Ulinzi Aden Duale alichapisha tangazo kwenye Gazeti Rasmi kwamba KDF wanatoka kusaidia polisi. Kesho yake Bunge likaidhinisha. Wanajeshi walikuwa wameshaambiwa watoke, ndipo idhini ikatafutwa. Nakiri kwamba usiku ule, Bunge likifuka moshi, hata mimi ningepiga kura ya ndiyo. Lakini baada ya moshi kutulia, ni lini Bunge lilikaa na kuuliza KDF walifanya nini, wapi, kwa amri ya nani, na walirudi kambini lini? Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu vifo 39 kufikia Julai 1. Hilo ni swali la Kamati ya Ulinzi. Lisingepaswa kuachiwa wanaharakati.

Yakaja ya kutisha zaidi. Kufikia mwisho wa Desemba 2024 tume hiyo ilikuwa imeorodhesha watu 82 waliotekwa tangu Juni, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani walipo. Magari yasiyo na nambari, watu waliofunika nyuso, hakuna hati ya mahakama. Rais mwenyewe aliahidi hadharani, Homa Bay, kwamba tutaukomesha utekaji nyara. Mtu huahidi kukomesha kitu ambacho kipo. Januari iliyofuata Justin Muturi, aliyekikalia kiti chako kwa miaka tisa kabla yako, alijitokeza na kusema kwamba mwanawe alitekwa Juni 2024, na kwamba aliachiliwa baada ya Rais kumpigia simu mkuu wa ujasusi. Muturi alikuwa Mwanasheria Mkuu mwana huyo alipochukuliwa! Ikiwa mshauri mkuu wa Serikali kwa mambo ya sheria hakuwa na njia ya kisheria ya kumpata mwanawe, mama wa Kayole aende wapi?

Hapa ndipo uhafidhina unapopimwa. Wengi wetu tulinyamaza kwa kuwa waliotekwa ni vijana wenye midomo michafu, waliomchora Rais ndani ya jeneza. Mimi pia nilichukizwa na picha zile. Nchi ina mahakama, ina kosa la uchochezi, ina seli za polisi zenye kitabu cha mahabusu. Aliyekosa aandikwe kitabuni, apelekwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24. Dola inayomteka mtu barabarani imejishusha hadi kuwa genge, na magenge ndiyo yale tuliyoyafuata Haiti kwenda kuyavunja.

Mwaka uliofuata ukatuonyesha pande zote mbili zimeoza. Juni 25, 2025 mahakama ya Kikuyu ilichomwa. Mahakama! Faili za mirathi na kesi za mashamba za watu maskini zikageuka majivu. Vituo vya polisi vikavamiwa, maduka ya Nairobi yakaporwa hadi rafu. Siku chache kabla, wahuni wenye rungu na mijeledi walikuwa wameonekana wakipita na pikipiki katikati ya jiji, wakiwapiga waandamanaji huku polisi wakitazama. Siku ya Saba Saba wakafa zaidi ya watu 30, kwa hesabu ya tume ile ile. Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, akasema anayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi, kisha akadai hakueleweka. Rais akasema anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu.

Mwenye duka ndani yangu alitaka kupiga makofi. Lakini polisi wa Kenya wana Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi, na ndani yake kuna jedwali linaloeleza ni lini silaha itumike: kuokoa maisha, kujikinga, kumzuia mhalifu hatari asitoroke, na mengine machache. Jedwali hilo lilipitishwa na Bunge. Likitaka kubadilishwa, mlango unaujua: mswada, usomwe mara tatu, wananchi watoe maoni, mahakama ipime. Halibadilishwi kwa hotuba jukwaani. Na konstebo atakayepiga mguu akakosea akapiga paja, mshipa ukakatika, ndiye atakayefungwa, si aliyeshika maikrofoni. Kwa hiyo hata kwa faida ya polisi wetu, Bunge lilipaswa kusema siku ile ile kwamba sheria ni ile iliyoandikwa.

Kuhusu ushuru sitasema mengi. Mswada wa 2024 ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346.7 za ziada kwa watu waliokuwa bado hawajapumua kutokana na Sheria ya Fedha ya 2023, iliyopandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta ada ya nyumba. Wabunge 195 walisikia kelele nje ya ukuta na bado wakasema ndiyo. Kesho yake Rais aliukataa mswada huo na wengi wao wakampigia makofi. Sijawahi kuona aibu kubwa zaidi. Angalau wangebaki na msimamo mmoja hadi Ijumaa.

Ninayokuomba yako ndani ya uwezo wako, hayahitaji kura ya maoni wala Katiba mpya. Mwite Waziri wa Usalama wa Ndani aje ukumbini na taarifa kamili ya Haiti: waliokwenda, waliokufa na jinsi walivyokufa, waliojeruhiwa, pesa zilizotoka Hazina na zilizorudishwa. Kama polisi wetu wataendelea kuwa ndani ya kikosi kipya, hoja ije mezani, ijadiliwe, na kura ihesabiwe kwa majina. Kamati ya Utawala na Usalama wa Ndani ipewe orodha ya waliotekwa, na wakuu wa polisi na ujasusi wajibu jina moja baada ya jingine. Kama kuna mambo ya siri, kaeni faraghani, Kanuni za Kudumu zinaruhusu. Na Mswada wa Utulivu wa Umma uliopendekeza waandamanaji wakae mita 100 kutoka Bunge na mahakama, mimi nauunga mkono nusu: mahakama ipewe mita zake, ila Bunge liache watu wasogee, maana hapo ndipo malalamiko yao yanapopaswa kufika.

Taarifa ya Haiti ndiyo rahisi kuliko zote. Wizara ina majina, ina tarehe, ina risiti. Inahitaji tu barua yenye sahihi yako, na wiki mbili za kujibu.

Wako kwa heshima,
Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi,
Nakuru.